Kampuni ya tranziti, tajiri wa gari mbili, au lokali: dereva wa lori apime nini kabla ya kupokea ufunguo

Mpwa wangu amemaliza mafunzo ya magari makubwa pale chuo cha usafirishaji NIT, Mabibo, leseni yake sasa ina daraja E, na ndani ya wiki mbili ameshaitwa sehemu tatu. Kuna kampuni ya Dar inayopeleka mizigo Kongo, yaani tranziti. Kuna tajiri wa Kimara mwenye skania mbili. Na kuna yadi ya Kurasini inayotafuta dereva wa kutoa makontena bandarini kuyapeleka bandari kavu na kwenye magodauni ya wateja, kazi tunayoiita lokali. Kanipigia simu usiku: "Shikamoo mjomba. Hivi hawa wote, wapi wanalipa vizuri?"

Nimeendesha kote huko, miaka 16 ukijumlisha, kabla kiuno hakijaniteremsha kwenye usukani na kunikalisha kwenye meza ya kupanga safari. Sikuweza kumjibu kwa neno moja. Malipo ya dereva yana vipande viwili ambavyo tabia zake hazifanani hata kidogo. Mshahara unakuja hata ukiumwa, ukiwa likizo, gari likiwa gereji. Posho inakuja gari likitembea, basi. Anayekuajiri hutaja jumla ya vyote viwili kwa mdomo mmoja, wewe unatoka ofisini unatabasamu, na tofauti yake unaijua siku umelala wodini.

Kwa hiyo nimeandika hivi: kwanza vigezo, halafu kila kazi kwa vigezo hivyohivyo. Wengine wanaokwama hapo alipokwama mpwa wangu nao wasome.

VIGEZO

Pesa kwa siku. Usihesabu kwa tripu. Chukua mshahara na posho, toa ulichokula na kulipia njiani, gawa kwa siku zote ulizokuwa mikononi mwa mwajiri, pamoja na zile ambazo gari lilisimama kwenye foleni.

Muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, na hata ukiweka saa za ziada siku moja isivuke saa 12. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu, siku ya mapumziko mara mbili, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Najua dereva wa masafa akisoma hapa anacheka. Cheka, lakini zishike hizo namba, kwa sababu ndizo zinazosomwa mkifikishana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Karatasi. Mkataba wa maandishi, michango ya NSSF, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF. NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anatakiwa kubeba nusu yake au zaidi. WCF analipa mwajiri peke yake, wewe hukatwi hata senti. Na sheria hiyohiyo ya 2004 inasema mfanyakazi atakayefanya kazi nje ya nchi lazima mkataba wake uwe wa maandishi. Anayekutuma Lubumbashi kwa makubaliano ya mdomo ameshaivunja kabla hujavuka Chalinze.

Hasara. Mzigo ukipungua, tairi likipasuka, mizani ya barabarani ikikataa uzito, mnyama akigongwa Mikumi, nani analipa? Kwangu mimi hiki ndicho kigezo kinachowatenga waajiri wazuri na wabaya kuliko mshahara wenyewe. Kifungu cha 28 cha sheria hiyo ya 2004 kinaruhusu mwajiri kukukata kwa ajili ya hasara pale tu ilipotokea kazini kwa kosa lako, akakuandikia sababu, kiasi na namna alivyokipata, na akakupa nafasi ya kupinga. Hata hapo, makato hayatakiwi kuzidi robo ya mshahara wako.

Gari na njia. Breki, matairi, umri wa gari, na barabara unayopelekwa.

KAMPUNI YA TRANZITI

Pesa. Hapa ndipo tarakimu zinapovutia. Mshahara wa msingi mara nyingi umekaa karibu na kima cha chini, na uzito wote uko kwenye posho ya tripu, nyingine zikitolewa sehemu kwa dola au kwacha ili utumie ukiwa ng'ambo. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kima cha chini cha sekta binafsi kimepanda kwa wastani kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322, na kila sekta ina kiwango chake ndani ya amri ya mishahara. Ukiwa na mkataba wa zamani, angalia kama mshahara wako umepanda kweli. Angalia pia kama posho haikupunguzwa kimyakimya siku hiyohiyo ili jumla ibaki ileile.

Muda. Dar mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na bado una Zambia nzima: Nakonde, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Ndola, mpaka Kasumbalesa. Kuendesha kwenyewe siyo kunakomaliza mwezi. Mwezi unaishia kwenye kusimama. Mei 2020 Zambia ilifunga Nakonde kwa sababu ya korona. Agosti 2024 ikaifunga Kasumbalesa kwa siku kadhaa kwa ugomvi wake na Kongo juu ya vinywaji. Magari yaliyokuwa na salfa, saruji na vipuri vya migodi yakasimama, na waliokuwa ndani yake hawakuwa wameingiza hata chupa moja ya soda.

Ngoja nikuonyeshe foleni ilivyo. Umebeba salfa ya kwenda migodini. Ni unga wa njano, ukipenya kwenye turubai jua likawaka, macho yanawasha mpaka unajuta kuyafikicha. Asubuhi mnasogea urefu wa semi tatu, halafu kimya mpaka jioni. Chini ya tela kuna boksi la vyombo: sufuria, mwiko, unga wa Tanzania, maana ule wa huko hujauzoea, na jiko la mchina. Unasonga ugali umechuchumaa kati ya matairi kwa sababu ndipo penye kivuli. Usiku hulali. Unasinzia kwa jicho moja, mkono karibu na kitasa, kwa sababu mwenzako wa mbele akisogea na wewe ukachelewa, kuna mtu anachomeka kichwa cha lori lake. Siku kama hizo 4 au 5, na hakuna anayekuandikia hata saa moja ya ziada, kwa kuwa kwenye GPS gari linaonekana limepaki.

Karatasi. Ukichukua kampuni zilizojipanga, hapa ndiko kwenye karatasi nzuri kuliko kwingine kote: mkataba, bima, NSSF inayoonekana kwenye taarifa yako ya michango. Haya hayakushuka yenyewe. Aprili na Mei 2015 madereva waligoma nchi nzima, mabasi na malori, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao. Ila mkataba kuwepo ni jambo moja, mshahara ulioandikwa ndani yake ni jambo jingine. Kiinua mgongo ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Dereva wa miaka 6 mwenye msingi wa 300,000 anaondoka na takriban 484,600. Mwenzake mwenye msingi wa 600,000 anaondoka na 969,200. Inawezekana wote wawili walikuwa wakipokea kiasi kilekile mkononi kila mwezi.

Hasara. GPS inajua uliposimama, tanki lina kipimo, ofisi ina hesabu ya lita kwa kila kipande cha njia. Kwa dereva mwaminifu huu ni ulinzi, kwa sababu ushahidi upo. Kwa kampuni isiyo na subira ni kamba shingoni. Mimi niliwahi kukatwa miezi mitatu mfululizo kwa mifuko 14 ya mbolea iliyopungua, mifuko ambayo sikuihesabu ilipopakiwa kwa sababu dereva haruhusiwi kuingia kwenye godauni lile. Sikupewa barua. Nilikuta tu pesa zimepungua kwenye simu. Kifungu cha 28 kilikuwepo tayari wakati huo, mimi ndiye sikuwa nakijua.

Gari na njia. Gari zuri, matairi mazima, gereji inapokea simu. Ukishuka mlima Kitonga na breki unazoziamini, unajua ulicholipwa ambacho hakimo kwenye hati ya mshahara. Njia yenyewe sasa. Kongo kuna sehemu na sehemu. Ukanda wa shaba wa kusini ni shida za foleni, vibaka na vituo vya ukaguzi vya kila aina ya kofia. Mashariki ni habari nyingine: Septemba 2016 madereva wa Kitanzania walitekwa huko na waasi na baadhi ya malori yakachomwa. Kabla ya kusaini, uliza gari linaishia mji gani. Usikubali jibu la "Kongo".

Kampuni hii inamfaa nani: mwenye mwili mzima, asiye na mtu nyumbani anayemhitaji kila wiki, anayetaka jina kwenye soko la madereva. Miaka miwili ya tranziti bila ajali inafungua milango mingi.

TAJIRI WA GARI MBILI

Matajiri wengi wa hivi walikuwa madereva, au ni wafanyabiashara wa nafaka na mbao walionunua gari la kubebea mzigo wao, mwishowe wakaanza kubeba wa watu. Kuwafanya wote wanyonyaji ni kuwaonea.

Pesa. Hapa kila kitu ni mazungumzo. Kuna anayelipa mshahara na posho, kuna anayelipa kwa tripu tu, kuna anayekupa asilimia ya mzigo wa kurudi. Huyu wa asilimia msikilize vizuri: gari likipakia mahindi Makambako badala ya kurudi tupu, unaweza kupata zaidi ya dereva wa kampuni aliyekuwa mbele yako kwenye mizani ya Wenda. Lakini kiangazi mzigo ukikauka, gari linalala, na wewe unalala nalo.

Muda. Huru zaidi. Hakuna ofisi inayokupigia kila gari likisimama dakika kumi. Msiba ukitokea unasema, mnaelewana. Upande wa pili, tajiri mwenye mkopo wa benki anahesabu marejesho, na simu ya saa 9 usiku ya "vipi, umefika wapi?" ni yake.

Karatasi. Nisirembe: mara nyingi hakuna. Utasikia "sisi ni ndugu". Tajiri niliyemfanyia kazi muda mrefu zaidi hakuwahi kunilipia NSSF hata mwezi mmoja. Baba alipofariki alikuja Singida mwenyewe, akalala kwenye mkeka na waombolezaji, akagharamia usafiri wa watu wangu wote. Na ada ya mwanangu ya kidato cha kwanza aliitoa yeye. Vyote viwili ni kweli, na hicho cha pili hakikifuti cha kwanza. Leo natazama taarifa yangu ya michango, miaka ile ni weupe mtupu. Ukimpata tajiri mwenye moyo wa hivyo, mwombe akuandikishe, hata kwa mshahara mdogo. Mkikaa na mahesabu mezani, wapo wanaokubali, maana gharama ya WCF ni ndogo mno ukiifananisha na kumuuguza dereva kwa mfuko wake.

Hasara. Hapa ndipo utu wa mtu unapoonekana. Ekseli ilinikatikia karibu na Ruaha Mbuyuni. "Kesho asubuhi spea inapanda basi," tajiri akasema. Kesho ile ilichukua siku 11. Huwezi kuliacha gari, turubai litaondoka, betri zitaondoka. Mimi na utingo tulikula kwa mkopo kwa mama mmoja muuza chakula pembeni ya vichanja vya vitunguu, na siku ya tisa akaanza kutupimia mboga kwa kijiko kidogo. Zile siku hazikuwa na posho, kwa maelezo kwamba tripu ni ileile. Tangu hapo kila dereva ninayemshauri namwambia aulize neno kwa neno: gari likilala njiani, nakula nini kwa siku? Jibu liwe kiasi cha shilingi.

Gari na njia. Tofauti ni kubwa kati ya tajiri na tajiri. Zunguka gari kabla ya kupokea ufunguo. Tazama tarehe za matairi, sikiliza upepo wa breki ukiwa umezima injini, ingia chini. Gari la zamani lililotunzwa na mwenye nalo linaweza kuwa salama kuliko jipya la kampuni lililopita mikono ya madereva saba. Njia nyingi ni za ndani au Rusumo na Kabanga: Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, Benako. Huko mpakani foleni yake ni nafuu kuliko ya Kasumbalesa.

Inamfaa nani: dereva aliyeiva, anayejua kufungua tairi na kutoa hewa kwenye dizeli bila kumwita fundi, anayejua kujadiliana. Na yule mwenye nia ya kumiliki gari lake baadaye, kwa sababu hapa unaona biashara yote: madalali wa mizigo, bei, marejesho, spea. Kampuni haikuonyeshi hayo. Ukiwa mgeni wa usukani, kwa tajiri hakuna wa kukusahihisha isipokuwa barabara yenyewe.

LOKALI

Lokali ni jina la mambo mengi: makontena ya bandari kwenda bandari kavu na magodauni, saruji ya Wazo kwenda kwa mawakala, tipa za kokoto kutoka Lugoba. Yanafanana kwa kitu kimoja, kwamba usiku mwingi unaumalizia kwako.

Pesa. Mshahara na posho ndogo ya kila tripu, au hesabu ya tripu peke yake kwa wa tipa. Hakuna dola, hakuna mzigo wa kurudi. Lakini chakula chako kimoja au viwili viko nyumbani, na hilo watu hawaliweki kwenye hesabu.

Muda. Nyumbani siyo maana yake saa 11 jioni. Foleni ya barabara ya Mandela unaijua. Kontena la kutoka leo linaweza kuitwa saa 5 usiku, ukakaa getini mpaka alfajiri, ukarudi Gongo la Mboto watoto wanavaa sare. Wa tipa wana tatizo lao: wakilipwa kwa tripu, kila dakika ni pesa, na ndiyo maana unaziona zinavyokata kona. Sheria inataka gari kubwa lisizidi kilomita 80 kwa saa nje ya makazi na 50 kwenye makazi. Malipo ya tripu yanamwambia dereva kinyume.

Karatasi. Katikati. Viwanda na yadi kubwa huandikisha, ingawa wengine hukupitisha kwa wakala wa ajira, na hapo lazima ujue mwajiri wako kisheria ni nani. Kwenye tipa deiwaka, yaani madereva wa kibarua cha siku, wamejaa: leo una gari, kesho kapewa mwingine, na hakuna barua ya kuanza wala ya kuacha.

Hasara. Ndogo kwa tukio, ila za kila siku. Kioo cha pembeni, kona ya kontena, bodaboda aliyepenya kushoto. Kontena likichelewa kurudishwa tupu, gharama za meli zinaanza kuhesabika, na wapo wanaojaribu kumtupia dereva. Andika muda ulioingia geti na muda uliotoka. Daftari la shilingi 500 limeniokoa zaidi ya mara moja.

Gari na njia. Magari ya lokali ni yaliyochoka, mengi yalistaafu tranziti. Hupandi Kitonga, lakini kuendesha mjini katikati ya daladala na bajaji siku nzima kunachosha kichwa kuliko masafa. Ukiugua, hospitali iko karibu.

Inamfaa nani: mwenye watoto wadogo au mgonjwa nyumbani, anayeanza kazi na anahitaji kuzoea kurudisha tela kinyumenyume mbele ya watu, na mzee ambaye presha au sukari imeanza kumwandama na anatakiwa kliniki kila mwezi.

Kuhusu matenka ya mafuta sisemi mengi, sijayaendesha. Malipo yake husifiwa, mafunzo yake ni ya ziada, na upungufu wa lita ni kesi ya kila siku. Kila nikipita Msamvu nakumbuka tarehe 10 Agosti 2019, lile tenka lililopinduka, watu wakaenda na madumu, wakafa zaidi ya 100. Anayechukua kazi hiyo aichukue akijua amebeba nini mgongoni.

HESABU KWENYE KIGANJA

Namba hizi nimezitunga kwa kufundishia, wewe weka zako. Kampuni ya tranziti: mshahara 450,000, posho ya tripu 900,000, safari ya siku 30. Chakula 15,000 kwa siku, na maegesho, kuoga na vocha 3,000, jumla 540,000. Kinachobaki ni 810,000, yaani 27,000 kwa siku.

Safari hiyohiyo foleni ikaifikisha siku 45. Mshahara wa mwezi na nusu 675,000, posho ni ileile 900,000, matumizi yamekuwa 810,000. Kinachobaki ni 765,000, ambazo ni 17,000 kwa siku.

Lokali: mshahara 400,000, tripu 24 kwa 10,000 ni 240,000, chakula cha mchana siku 26 kwa 5,000 ni 130,000. Kinachobaki ni 510,000 kwa mwezi. Gawa kwa 30. Ni 17,000.

Mpwa wangu alinyamaza kwenye simu niliposoma hiyo namba ya mwisho. Hii haimaanishi lokali inaishinda tranziti. Safari ikienda vizuri tranziti inaiacha mbali, na ukijipikia matumizi yanashuka karibu nusu. Inamaanisha swali la kumuuliza mwenye kampuni ni hili: tripu zenu sita zilizopita zilichukua siku ngapi kila moja, na baada ya siku ya 30 posho inaongezeka? Wapo wanaolipa siku za kusubiri. Hao washike.

KWA HALI YAKO

Leseni mpya, hujawahi kuvuta tela lenye mzigo: anza lokali au utafute kampuni inayokupandisha na dereva mzoefu miezi ya mwanzo. Tajiri wa gari mbili akikupa semi siku ya kwanza bila kukupima, jiulize dereva aliyeshuka kabla yako ni nani na kwa nini.

Umeoa juzi au una mtoto mchanga, na nyumbani mnahesabu kila shilingi: linganisha kwa siku kama nilivyofanya, halafu mshirikishe mwenzako hesabu hiyo. Wapo wanandoa waliochagua miaka miwili ya tranziti kwa makubaliano, wakanunua kiwanja, dereva akarudi lokali. Waliovunjika ni wale ambao mmoja aliamua peke yake.

Una deni linalokukaba sasa hivi: tranziti, kwa kampuni inayotoa posho yote kabla ya kuondoka. Ile ya nusu ukiondoka na nusu ukirudi itakufanya ukope njiani, na vidumu vya pembeni ya barabara vitaanza kukuita. Dereva mmoja aliyeuza lita 40 za mafuta ya bosi anaharibu jina la miaka kumi, na madereva wote tunafahamiana.

Umevuka miaka 45 na hujawahi kuchangiwa NSSF: achana na jumla, fuata karatasi. Mshahara wa msingi mkubwa wenye posho ndogo una faida kwako kuliko kinyume chake, hata kama mkononi kinakuja kidogo. Na usisubiri mwaka uishe kukagua. Omba taarifa ya michango baada ya miezi mitatu, ujue kama wanachokukata kinafika.

Unataka gari lako: kwa tajiri, lakini anayekuruhusu kuona mahesabu. Mpe miaka mitatu.

Uko kazini tayari na umekatwa bila barua, au umeambiwa usije kesho: siku zinahesabika. Kuachishwa kazi kunapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, madai mengine ndani ya siku 60, kwa fomu CMA F.1. Peleka nakala za hati za safari, picha za mizani zenye tarehe, ujumbe wa simu wa malipo. Nimeona mwenye haki akishindwa kwa sababu alikwenda siku ya 70 baada ya kusubiri bosi apoe hasira.

Mpwa wangu bado hajasaini popote. Ya Kongo ndiyo aliyoipenda, na wamemwambia nakala ya mkataba atapewa akirudi tripu ya kwanza. Jumatatu anarudi pale ofisini. Nimemwambia aombe kuusoma hapohapo mezani, atafute ukurasa wenye mshahara wa msingi, aupige picha, anitumie kabla hajaonyeshwa gari.